Kona ya Pantaleo

Siku ile mjinga alikuwa Theodory. Hilo halina mjadala, na ukikutana naye leo pale stendi atakuambia mwenyewe kabla hujamaliza kumsalimia. Wajinga wengine walikuwepo, maana Babati hatuna upungufu wa watu hao, ila yeye ndiye aliyekuwa mbele: suruali imelowa mpaka kiunoni, miwani ya kuzamia imebandikwa kwenye paji la uso kama jicho la tatu, na dumu bovu la mafuta ya kula ameliinua juu kama nahodha aliyekabidhiwa kombe.

"Haya, mtazameni!" alipaza sauti pale mwaloni, ukingoni mwa ziwa, mitumbwi ikiwa ndiyo kwanza inarudi. "Mzimu wenu huu hapa. Lita ishirini!"

Watu walicheka. Walicheka kama wanavyocheka watu walioogopa kitu kwa miaka mingi wakaambiwa kumbe hakikuwepo, kicheko kirefu chenye aibu kidogo ndani yake. Mmoja tu ndiye hakucheka. Benadetha, mjane wa Pantaleo aliyekuwa mdogo wake Theodory, alikuwa amesimama na beseni lake tayari kununua samaki wa kwenda kukaanga. Alilitazama lile dumu kama unavyomtazama mgonjwa aliyetolewa wodini bila ruhusa ya daktari. Kisha akageuka akaondoka na beseni tupu.

Theodory alimwona. Akaendelea kucheka. Ndiyo maana hapakuwa na mjinga wa kumzidi.

Na ujinga wenyewe haukuwa wa mtu asiyesoma. Ulikuwa ujinga wenye cheti. Miezi michache nyuma Wilbroad, bwana samaki wetu wa serikali, alimpigia simu kwenye mtandao unaokatikakatika: kuna mafunzo Tanga, ya matumbawe, na kikundi cha ulinzi wa ziwa kinatakiwa kupeleka mtu. Theodory ndiye katibu wa kikundi. Neno "matumbawe" alikuwa hajawahi kulisikia. Mtu aliyezaliwa Dareda akakulia Maisaka, matumbawe atayasikia wapi? Akaligawa mwenyewe kichwani, akapata matumbo, akapata mawe. Mawe ya tumboni. Hakujiuliza walinzi wa ziwa na mawe ya tumboni ni wapi na wapi. Maji ya huku yameshalaumiwa kwa meno ya watu na kwa magoti ya watu. Akaona sasa imefika zamu ya matumbo. Na kwa kuwa mama yake mzazi alikuwa anasumbuliwa na mawe kwenye nyongo, akapanda basi akimshukuru Mungu njia nzima.

Siku ya kwanza, kabla hata picha hazijawashwa ukutani, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mama yangu anayo haya matumbawe tangu mwaka juzi. Hospitali wanataka kumpasua. Je, hakuna dawa ya kunywa?"

Ukumbi uliangua kicheko. Mwalimu Zena, mwanamke mfupi wa hapo hapo Tanga, alijitahidi kujizuia akashindwa, akakaa chini kabisa na kujipepea kwa daftari.

"Kaka yangu wa bara," alisema alipopata pumzi, "mama yako akiwa na matumbawe tumboni, sisi tutamtangaza hifadhi."

Theodory alicheka kuliko wote. Ana kipaji hicho: maisha yamempiga sana, amejifunza kucheka kabla ngumi haijafika. Lakini kesho yake walipandishwa boti, wakavalishwa miwani, akaingiza uso majini, na kicheko kikakoma.

Upande mmoja palikuwa na mji. Hana neno jingine. Mawe yenye rangi za vitenge, na samaki wakipita kati yake kama watu siku ya mnada, huyu anaingia, yule anatoka, mwingine amesimama mlangoni anangoja mtu. Akageuza kichwa upande wa pili. Huko mji ulikuwa uleule, kuta zilezile, vyumba vilevile, ila vyote vyeupe. Weupe wa mifupa. Hakuna aliyeingia wala kutoka. Samaki mmoja mdogo alikuwa anazunguka jiwe moja, anazunguka, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kimya na bado anaita.

"Wamekufa na nini?" aliuliza alipotoa kichwa.

"Mawe yale ni nyumba wanazojijengea wadudu wadogo sana," Zena alimwambia, safari hii bila utani. "Bahari ikipata joto kupita kiasi, wanapauka. Wengine hupona wakiachwa wapumzike. Pale hawakuachwa. Watu walivua juu yao hivyo hivyo, wakiwa wagonjwa."

Alifundisha mengi wiki ile. Jinsi ya kukadiria samaki bila kuwatoa majini. Jinsi vijiji vya pwani vilivyokaa vikao vikachagua mwamba mmoja wa kufunga usivuliwe, wakaulinda wenyewe kwa zamu, na samaki walipojaa ndani wakafurika mpaka nje kwenye nyavu za kila mtu. Akasema pia kwamba ukikuta mahali pana samaki, kabla hujapagusa jiulize kwanza ni nini kimewaweka pale. Theodory alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Kusema kweli alikuwa anawaza miwani. Aliipenda mno, na siku ya kuagana Zena akampa moja ya zamani, yenye mkanda uliounganishwa kwa mpira wa baiskeli.

Akarudi Babati na miwani, na cheti, na ule weupe. Weupe haukumwacha. Akiona chokaa kwenye ukuta wa shule, anauona. Akiona ng'ombe aliyekufa kiangazi kando ya barabara ya Singe, mbavu nje, anauona.

Sasa ije habari ya kona.

Upande wa Nakwa ziwa linaingia ndani kidogo, mahali penye mawe chini ya maji na matete pembeni. Asubuhi moja, miaka kadhaa nyuma, Pantaleo alikwenda kule kuinua wavu wake na hakurudi. Wengine walisema walimwona kiboko. Kasia lilipatikana likielea. Mtumbwi haukuonekana, mwili haukuonekana, na Padri alisoma misa pasipo jeneza, jambo ambalo mama yao hajalizoea mpaka leo. Hazikupita wiki nyingi, wavuvi wakaanza kusikia. Upepo wa alfajiri ukishuka kutoka mlima Kwaraa, pale kwenye mawe panabishwa hodi. Ko, ko. Halafu kimya. Halafu ko. Kama mtu anayegonga mlango kwa kifundo cha kidole, taratibu, hataki kuamsha watoto.

Hapo hapakuvuliwa tena. Mtu aliyekuwa akikatiza na mtumbwi alizungukia mbali. Pakaitwa Kona ya Pantaleo, na mwaloni wakapata cha kumtania Theodory kila asubuhi: "Katibu, ndugu yako ameamkaje leo?" Naye akijibu, "Ameamka salama, anawauliza na nyie." Watu wanavunjika mbavu. Akifika nyumbani hali chakula.

Kwa hiyo alipopata miwani, alijua kwanza atazama wapi.

Alimwomba rafiki yake Marcelino ampeleke. Wamesoma wote darasa moja, wameibia wote miwa shamba moja. Marcelino aliusukuma mtumbwi kwa upondo mpaka karibu na mawe, akasimama.

"Mimi naishia hapa. Ukimkuta, mwambie jembe lake nilimrudishia mkewe."

"Mwambie mwenyewe, shuka."

"Nina mafua."

Ko, ko. Marcelino akaukumbatia upondo. Ko.

Theodory akafanya ishara ya msalaba, akashuka.

Maji ya ziwa letu si ya Tanga, ukinyoosha mkono vidole vinapotea. Lakini penye mawe palikuwa na uangavu kidogo, na katika uangavu ule akaona tumbo la mtumbwi. Ulikuwa umelala kifudifudi kati ya mawe mawili. Wavu umeuzunguka kama sanda. Kwenye kamba ya wavu lilifungwa dumu, nusu limeingia maji, halizami wala halielei, na kila wimbi likipita linasukumwa kwenye ubao. Ko, ko. Linarudi. Ko.

Wavu ulikuwa bado unavua. Mwenye wavu ameondoka miaka, na wavu unaendelea na kazi, kambare mmoja anapapatika, na chini yake wengine wa zamani, mifupa mitupu imening'inia kwenye nyuzi. Weupe uleule. Akatafuta kwa macho mfupa mwingine, mkubwa zaidi. Hakuuona. Hajui mpaka leo kama alitaka kuuona.

Kisha kitu kikamgusa kifundo cha mguu. Alipotazama, mawe yalikuwa yanatembea. Yalikuwa perege, watoto wa perege, wengi kama dagaa kwenye gunia, wanaingia na kutoka kati ya mawe, na mama zao wamesimama milangoni wakiwalinda. Ule mji wa Tanga, upande ulio hai. Uko Nakwa.

Aliukata wavu kipande kipande mpaka ukaisha, na hilo alifanya vizuri. Halafu akakata dumu. Halafu, akitoa kichwa juu, akafungua mdomo.

"Marcelino! Samaki walioko hapa hawahesabiki!"

"Hawahesabiki?" Marcelino aliuliza polepole. Mafua yalikuwa yameshapona.

Mengine umeshayajua: mwaloni, dumu juu, kicheko.

Haikufika Jumapili. Kwanza zilikuja nyavu za kawaida. Kisha wakaja watu na kokoro, ule wavu wa kuburuta uliokatazwa, wakalitandaza kwenye kona wakavuta kutoka nchi kavu wakiimba. Wakatoka perege wa kiganja. Wakatoka wa vidole viwili. Mwishoni vikatoka vitoto ambavyo hata paka anaomba radhi kabla ya kula, wakavimwaga kwenye matete, matumbo juu, na ukingo ukawa mweupe. Theodory alisimama akitazama ule weupe. Hapo ndipo maneno ya Zena yalipomrudia, kwamba ujiulize ni nini kimewaweka pale. Hofu ndiyo iliyowaweka. Hofu ya mdogo wake. Naye ameitoa majini kwa mikono yake mwenyewe, akaifanyia mkutano wa hadhara.

Na usiku huo wala mwingine hakuna kilichotokea. Hodi ilikuja mchana. Alikuwa nyumbani Maisaka, jua limesimama, majani hayatikisiki. Ko, ko.

Akaenda kufungua mlango. Hakuna mtu. Akarudi kukaa. Ko.

"Baba Ritha," mkewe Kandida alimwita kutoka jikoni, "unamfungulia nani?"

"Hujasikia?"

"Nisikie nini? Wewe kula, chakula kinapoa."

Lile dumu lilikuwa nyuma ya jiko, karibu na kuni. Kandida alikataa kulitia maji. Alisema lina mwenyewe. Theodory akaona labda ni hilo, akalibeba kwa pikipiki mpaka shambani Singe akaliacha kwenye mabua ya mahindi. Hodi ilibaki Maisaka. Ilimfuata kanisani, pale Padri anapoinua hostia na watu wote kimya. Ko, ko. Alijikuta anageuka kutazama mlango mkubwa. Waumini wa nyuma wakadhani anatafuta waliochelewa.

Na bado alitania. Mwaloni walipomwuliza "katibu, mbona umekonda?" alijibu kwamba anapunguza uzito apite vizuri kwenye kokoro. Walicheka. Yeye alikuwa anasikiliza nyuma ya kicheko chao.

Mwisho akaenda Nakwa kwa Benadetha. Alimkuta uani, karai la mafuta lipo motoni, halina kitu.

"Shikamoo shemeji," alisema Benadetha bila kuinuka.

"Marahaba. Samaki leo hakuna?"

"Wapo wa kona. Siwataki."

Theodory alikaa kwenye kigoda. Alikuwa amepanga kuanza na utani, utani ukagoma kutoka. "Shemeji, nimekuja kusema samahani kwa lile dumu. Nilitaka watu waache kumwita mdogo wangu mzimu. Na sasa nalisikia. Nyumbani kwangu, mchana kweupe."

"Una bahati," Benadetha alisema. "Mimi silisikii tena."

Moto ulilia. Akausogeza ukuni mmoja.

"Ulifikiri sijui kwamba lilikuwa dumu? Nililifunga mimi. Alfajiri ile alikuwa anaharakisha, kamba inamteleza, nikamwambia lete hapa. Fundo ulilolikata ni la mkono huu." Akautazama mkono wenyewe, wenye madoa ya mafuta. "Waliposema linagonga, nikaenda kusikiliza. Nikajua. Nikanyamaza. Nikaona wakimwogopa watamwacha alale. Kila asubuhi nikienda kununua samaki nilikuwa napitia kule, ananibishia hodi, namwitikia karibu, naenda zangu kazini. Wewe ukaja na miwani."

Theodory alitazama karai tupu.

"Sasa nifanye nini, mama Brayson?"

"Mimi sikwenda Tanga," Benadetha alimjibu. "Wewe si walikufundisha?"

Ndiyo. Walimfundisha. Kesho yake alianza kuzunguka mtumbwi kwa mtumbwi, akamvuta na Wilbroad, na wiki hiyo hiyo kikao cha kikundi kikaitishwa kwenye banda la mwaloni. Alikuja kila mtu, maana samaki walikuwa wameshapungua na watu wasio na samaki wana nafasi. Theodory aliwaeleza kuhusu mji wa Tanga, upande wa rangi na upande wa mifupa. Akaeleza jinsi wenzao wa pwani walivyofunga mwamba. Akasema mawe ya Nakwa ndiyo matumbawe yetu sisi tusio na bahari, ndipo perege wanapolelea watoto. Tuweke maboya, tufunge mpaka wapone, tulinde kwa zamu. Na pale chini, akasema, sauti ikimtoroka kidogo, mtumbwi wa Pantaleo bado upo. Naomba aachwe.

Wilbroad akasimama. "Kufunga kwa amri naweza, ila amri bila nyie haifiki wiki. Mkikubali wenyewe, mimi nitaandika, nitasaini, na maboya nitatafuta."

Palikuwa na minong'ono ya kukubali. Ndipo akasimama Marcelino. Alivua kofia, dalili mbaya.

"Katibu, mimi ni rafiki yako, kwa hiyo nitasema wanachokiogopa hawa. Mimi nikiacha, yule ataingia. Yule akiacha, atatoka mtu Singe na kokoro lake. Bwana samaki ana pikipiki moja, na hiyo yenyewe inasukumwa kuliko inavyopandwa."

"Kweli!" mtu mmoja alidakia nyuma.

"Kanisani unakaa karibu na mwenye hilo kokoro la Singe, si umkemee?" Theodory alimtupia. Watu wakacheka, lakini Marcelino hakuyumba.

"Cheka. Ila hebu kumbuka. Miaka yote ile hakuna boya lililowekwa kule, hakuna zamu, hakuna kikao, na hakuna aliyegusa hata tete. Kwa nini? Tulikuwa tunamwogopa Pantaleo. Wewe mwenyewe ndugu yake ukasimama hapa hapa ukatuonyesha kwamba Pantaleo ni dumu. Tukakuamini. Wewe ndiye msomi." Akageukia watu, mikono wazi. "Mzimu ameutoa. Sheria haina mafuta. Sasa anataka tuiache kona ijae samaki tena, tuizungukie kama zamani. Sawa. Nauliza tu, tumwogope nani?"

Lilikuwa swali la haki, na Theodory alilijua hivyo. Alitazama chini. Akawa anangoja ile sauti, ko, ko, akiwa na uhakika kwamba itakuja sasa, mbele ya watu, na safari hii ataitikia kwa nguvu na watajua kwamba amerukwa na akili.

Badala yake akasikia bati likiwekwa chini. Benadetha alikuwa amelitua beseni lake sakafuni, tupu, kifudifudi. Nyuma yake Mama Careen akatua la kwake. Na Rosa wa Maisaka. Na wakaanga samaki wengine, wale wote wanaosimama ukingoni kila asubuhi mitumbwi ikifika, mabeseni yakalala kifudifudi mpaka mlangoni.

"Uniogope mimi, Marcelino. Wa kona hatununui tena," alisema Benadetha. "Dumu lilikuwa halinunui samaki."